Video Niliyoikataa

Walipotuletea mambo ya potifolio ya mtandaoni pale chuoni Kiritiri, nilinuna wiki nzima. Nimefundisha uashi miaka mingi, na ukuta mimi naukagua kwa pima maji na jicho, si kwa simu. Lakini sasa mwanafunzi alitakiwa ajirekodi akiwa kazini, uso, mikono na ukuta vionekane pamoja, kisha aipakie video kwenye mfumo niipitie kabla ya mtahini. Nilinuna, halafu nikajifunza, na baada ya kujifunza nikawa mkali kuliko hata walioileta. Ndivyo nilivyo, na sijivunii.

Kati ya wanafunzi wangu kulikuwa na mwanamke wa karibu miaka thelathini, aliyeacha kuuza makaa ili ajifunze kujenga. Mkono wake ulikuwa mwepesi na hakupenda maneno mengi. Alikuwa anamjengea mama yake jiko la matofali nyumbani, akaamua ukuta wa jiko hilo ndio uwe ushahidi wake. Wa kumshikia simu hakuwa naye, ila mama huyo huyo.

Nilipoifungua video yao, kwanza nilicheka. Kidole cha mama kilikuwa kimefunika pembe moja ya picha, na tangu mwanzo hadi mwisho mama alikuwa akiongea. Aliongea Kimbeere, haraka haraka, akicheka katikati, akifukuza mbuzi, akimwambia binti hili na lile, naye binti akitabasamu huku akitandaza mota juu ya matofali. Mimi ni mtu wa Kianjai, lugha yangu ni nyingine ingawa ni ya karibu. Kimbeere nikitulia nakielewa sehemu kubwa, lakini siku hiyo sikutulia, kwa sababu nilikuwa na video nyingine nyingi za kupitia. Nikaandika chini yake: "Kelele nyingi. Rudia." Kisha nikaifuta, maana sikutaka mtahini akute takataka kwenye darasa langu.

Ya pili ililetwa baada ya siku tatu, na ilikuwa safi kabisa. Kidole hakikuwepo. Alivuta kamba, akapanga matofali, akaweka pima maji, na hakuna aliyesema neno. Nikaipitisha, tena nikaionyesha darasani kama mfano.

Mama yake alifariki kabla matokeo hayajatoka. Aliugua siku chache, akapelekwa hospitali Embu, hakurudi. Tulienda mazishini walimu watatu, tukakaa nyuma, karibu na lile jiko. Nilijikuta naukagua ukuta wakati wa maombi. Ulikuwa umenyooka.

Wiki mbili baadaye binti alikuja ofisini kwangu. Nilidhani anaulizia matokeo.

"Mwalimu, ile video ya kwanza bado iko?"

Nikamuuliza kwani nakala yake iko wapi. Akasema simu ilikuwa imejaa, akaifuta baada ya kuituma, kama nilivyokuwa nimewaelekeza. Picha za mama walikuwa nazo, ya kitambulisho na moja ya kanisani. Sauti yake haikuwepo popote.

Nilifungua kompyuta ingawa jibu nilikuwa nalo. Nikatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu niliogopa kugeuka nimtazame. Mwishowe nikamwambia niliifuta mimi, kwa mkono wangu.

Hakukasirika. Heri angekasirika. Aliuliza tu kama nakumbuka mama alikuwa akisema nini, kwa sababu yeye akili yake yote ilikuwa kwenye ukuta. Nilijaribu. Nilikumbuka kidole, mbuzi na kicheko, lakini maneno hayakunijia. Niliyasikia yote na sikusikiliza hata moja. Aibu hiyo ninayo hadi leo, na sijui nitaipeleka wapi.

Akaniomba nimfungulie ile ya pili. Tukaitazama pamoja, yeye amesimama, mimi nimekaa. Mwiko ulikwaruza, tofali likagongwa, basi. Akaniomba niongeze sauti hadi mwisho.

"Nilimwambia akinyamaza nitapita," akasema. "Sikiza, Mwalimu. Hapo ni yeye anapumua."

Nikasogeza sikio. Alikuwa akipumua polepole, karibu kabisa na simu. Mara moja alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akajizuia.