Tetekuwanga Darasani Kwangu

Nilipokuwa nimelazwa, mdomo umejaa malengelenge hata uji haupiti, sikumwomba Mungu anisamehe dhambi zangu. Nilimwomba anibakizie uhai wa kumwaibisha mwalimu mkuu wangu mbele za watu.

Nilikuwa nafundisha darasa la awali katika shule binafsi hapa Babati, upande wa Nangara. Nina lupus, ugonjwa unaoifanya kinga ya mwili igeuke na kuushambulia mwili wenyewe. Daktari wangu wa Arusha alinianzishia dawa za kuishusha kinga hiyo, na dawa hizo ndizo zilizonirudisha kazini: vidole viliacha kuvimba, nikashika chaki tena. Lakini alinionya.

"Mafua ya mwenzako kwako yanaweza kuwa nimonia. Na kwa kuwa hujawahi kuugua tetekuwanga, ukisikia imeingia darasani, ondoka siku hiyohiyo."

Haya yote nilimweleza mwalimu mkuu mapema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti tamu mbele ya wazazi. Kwetu walimu alikuwa mtu mwingine. Nikivaa barakoa, aliniuliza kama watoto wananuka. Nikimeza vidonge ofisini baada ya chai, aliwakonyeza wenzangu: "Dawa zenyewe si tunazijua?" Walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu kazi nilikuwa naitaka.

Asubuhi moja msichana mdogo aliingia darasani akijikuna shingo. Nilipofunua kola ya shati lake nikaona vipele vyenye maji. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa darasa la pili, ambaye aliugua tetekuwanga utotoni, naye akakubali tubadilishane mpaka mlipuko upite. Kilichobaki ni ruhusa ya mkuu.

"Hakuna kubadilishana," alisema. "Wewe kila siku una jipya. Kama kazi imekushinda, sema."

"Madam, daktari alisema ninaweza kufa."

"Sote tutakufa, Mwalimu. Rudi darasani."

Nilirudi. Baada ya wiki mbili nilikuwa hospitalini, mapafu yamejaa, mama yangu ananipepea kwa kanga huku akisali kwa Kigorowa.

Mama wa yule msichana, muuza vitambaa wa mjini, alikuja kuniona na chupa ya supu. Aliponitazama usoni akaanza kulia.

"Nisamehe, Mwalimu. Wanasema wewe ndiye uliyewaambukiza watoto. Mkuu amewaambia wazazi kwamba una ugonjwa uliokuwa unauficha. Lakini mimi asubuhi ile nilimpigia simu nikamwambia mwanangu ana vipele. Akanijibu, mlete tu, mitihani iko karibu."

Nilimshika mkono. "Maneno hayo usimwambie mtu," nilisema. "Yatunze mpaka nitakapokuomba uyaseme."

Niliporudi kazini nilikuwa mpole kupita kiasi. Kila asubuhi nilimwamkia mkuu shikamoo, naye akaitikia marahaba akidhani nimevunjika. Mchungaji wangu alinihubiria msamaha. Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikaendelea kungoja.

Siku ya mkutano wa wazazi ilifika. Mwenye shule alikuwepo, mzee asiyependa maneno mengi. Mkuu alizungumza kwa ile sauti yake, akisema afya ya watoto ndiyo kipaumbele chake. Nikasimama. Nilivua barakoa ili waone makovu, nikaeleza ninaumwa nini, ninakunywa dawa gani, na niliomba nini siku ile nikanyimwa.

"Msameheni, wazazi," mkuu alisema akitabasamu. "Dawa zinamchanganya."

Nilimgeukia muuza vitambaa, nikamwashiria kwa kichwa kwamba sasa aseme. Akasimama, akasimulia simu yake yote, neno kwa neno. Ukumbi ukalipuka. Baba mmoja alipiga kelele kwamba mwanawe mwingine, mchanga wa miezi michache, naye aliugua. Mkuu alimtazama mwenye shule. Mzee akatazama sakafu. Ile sauti tamu ilimkauka, akaomba maji, na hakuna aliyenyanyuka kumpa. Hata mimi sikunyanyuka, na jagi lilikuwa karibu yangu. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali. Mwosha huoshwa.

Aliondolewa kabla muhula haujaisha. Mimi nilihamishiwa darasa la sita, chumba chenye madirisha makubwa, na wazazi sasa hunipigia simu mtoto akikohoa tu.

Juzijuzi nilikutana naye sokoni, akichagua maharage. Amekonda. Alinisogelea akasema, "Mwalimu, yaliyopita si ndwele."

"Kwako si ndwele," nilimjibu. "Mimi bado naimezea dawa asubuhi na jioni."

Alininyooshea mkono. Sikuupokea. Na kwa kuwa angeweza kudhani naogopa vijidudu, nilimweleza kwamba sivyo.