Matawi Mabichi Nyuma ya Basi

Watu wakisikia Mbithe anafanya kazi mbugani huwaza simba. Hawajui habari za choo! Kazi ya afisa wa lango huanza na choo. Anapiga mlango teke kabla ya kuufungua, ili kama kuna nyoka amejilaza kwenye baridi ya saruji, ajue mwenye nyumba amerudi. Halafu redio, kuuliza doria zote zimeamkaje. Halafu tiketi, na ubishi wa tiketi, na mgeni anayeuliza simba wamewekwa upande gani, na mama wa kanisa anayetaka kutandika leso nyasini ale pilau yake kwa raha.

"Mama, huko ndani pilau ni wewe," Mbithe humwambia, na mama hucheka mpaka machozi.

Alizaliwa Zombe, kwa wakulima, mahali ambapo ndovu ni jina lingine la hasara. Siku alipovaa sare mara ya kwanza, baba yake hakumpa hata hongera. Alisema, "Sasa umeenda kulinda walionilia mahindi."

"Nimeenda kuwajua, baba."

Na amewajua. Anajua yupi ana sikio lililochanika na yupi hapendi pikipiki. Lakini kuwajua ndovu ni kitu kimoja. Kumjua Ben wa mji wa Sultan Hamud ni kitu kingine kabisa!

Ben ni dereva wa basi la kukodi. Jumamosi hiyo alileta wanafunzi wa klabu ya wanyamapori pamoja na mwalimu wao, Esha. Ilikuwa Oktoba, kiangazi kimekaza meno, mbuga nzima rangi ya biskuti. Mbithe alipanda ngazi ya basi akawasomea sheria: hakuna kushuka, hakuna kupiga kelele, hakuna kurushia tumbili ndizi. Wakaitikia kama kwaya, basi likaingia.

Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipolia. Ni Mwalimu Esha, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Madam, basi limezima karibu na mto mkavu. Na ndovu wametuzunguka. Wengi! Wana watoto!"

"Kuna mtu ameshuka?"

Ben mwenyewe akachukua simu. "Ni mimi tu, madam. Kabla hawajafika. Niliweka matawi, mbele na nyuma, kama kawaida ya barabara. Gari likiharibika lazima uweke matawi. Mengine nimechomeka kwa bampa, yaonekane vizuri."

"Matawi ya nini?"

"Huu mti wa mswaki, hapa mtoni. Ndio pekee una majani."

Mbithe alijipiga paji la uso. "Ben! Ulifikiri nani atakugonga huko, lori la Mombasa? Umewaandalia ndovu meza, ukajikalisha katikati!"

Nyuma ya simu, watoto wakapiga yowe. Ndovu mmoja alikuwa amefika kwenye bampa.

Mbithe akamwita mkubwa wake, Afande Othman, redioni. Yeye na askari walikuwa upande wa pili wa mbuga wakizima moto. "Tunageuza gari sasa hivi," alisema. "Tukifika tutapiga risasi hewani."

"Afande, wana watoto. Wakishtuka watakimbilia popote, hata juu ya basi."

Redio ikakwaruza. "Una njia nyingine? Kama unayo, ifanye kabla hatujafika."

Hapo ndipo akasikia trekta ikinguruma nyuma ya ofisi. Ndululu, dereva wake mzee, alikuwa amemaliza kujaza tangi la kukokota, kama kila siku ya kiangazi, tayari kupeleka maji kwenye bwawa la wanyama. Na ndovu wanaijua sauti ya trekta hiyo! Wakiisikia tu, hutoka vichakani kama watoto wa shule waliosikia kengele ya uji.

Mbithe alirukia bati lililofunika gurudumu, kando ya dereva. "Twende mtoni, mzee. Tutapita mbele ya basi, halafu bwawani."

"Madam, mimi nimezoea wanisubiri. Wanifuate?" Ndululu alishusha kofia. "Nina wajukuu."

"Kwa basi kuna wajukuu wa watu."

Ndululu akamtazama, akatia gia.

Waliwaona kutoka mbali. Ukuta wa kijivu, na katikati yake paa la njano la basi. Ndovu dume mchanga alikuwa ameng'ang'ania tawi la kwenye bampa. Ben alilikaza vizuri kweli! Kila akivuta, basi linayumba, na nyuso za watoto madirishani zinayumba nalo. Ndovu wengine walikuwa wakitafuna polepole, watoto wao wakipita hata chini ya vioo vya basi.

"Sasa?" Ndululu alinong'ona, kana kwamba trekta haikuwa inapiga kelele.

"Fungua maji."

Maji yakamwagika kwenye vumbi, na harufu ikapanda, ile harufu ya mvua ya kwanza. Jike kubwa, lile lenye sikio lililochanika, likaacha kutafuna. Likainua mkonga juu, likaugeuza kwao.

Jike likapiga hatua. Kisha nyingine. Kisha kundi lote likageuka!

"Kanyaga, mzee!"

"Hii ni trekta, madam, si ndege!"

Dume mchanga peke yake alibaki. Akavuta mara ya mwisho, *kraa*, bampa ikang'oka, akaiburuta kidogo, akaitupa, akawakimbilia mama zake na tawi lake mdomoni.

Mbithe aliketi akitazama nyuma njia nzima, jike lile likiwa karibu kiasi kwamba angeweza kuhesabu kope zake. Walipofika bwawani alishuka upande wa mbali, akachomoa pini iliyounga tangi na trekta, akarudi juu kwa mruko ambao hata yeye hakuuelewa. Trekta ikaondoka nyepesi. Tangi likabaki, likizungukwa na mikonga.

Walizunguka na njia ya juu hadi kwenye basi, wakafunga mnyororo, basi likaanza kuvutwa kuelekea langoni. Ben alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho kwenye mnyororo.

Redio ikaita. "Mbithe! Tumeisikia trekta. Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, afande. Watoto wote wazima. Bampa tu."

"Na tangi?"

"Limebaki na wenyewe. Tutaliomba kesho."

Afande Othman akacheka, redio nzima ikacheka naye. Nyuma, hofu ilikuwa imewatoka wanafunzi na kelele zikachukua nafasi yake. Waliimba jina la Mbithe, wakapiga mabati ya basi, wakajimwaga madirishani hadi kiunoni wakimpungia mikono.

Mbithe alisimama juu ya trekta, akawageukia na kukunja uso.

"Vichwa ndani!"

Vikaingia vyote, na Mwalimu Esha wa kwanza.