Makoti Meupe Thelathini

Siku tuliyomzika dada yangu, aliyesimama kumsifu mbele ya watu ni mtu ambaye hakustahili hata kushika kipaza sauti. Alisema, "Mama huyu ndiye aliyenifanya nikawa mtu." Waombolezaji wakaitikia. Mimi nilitazama viatu vyangu, kwa sababu ningemtazama yeye ningefanya jambo la kuniaibisha mbele ya Mungu na mbele ya jeneza. Niliyoshindwa kuyasema siku ile nayaandika hapa.

Dada alikuwa fundi wa sare. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya duka la vioo na kinyozi: cherehani mbili, meza ya kukatia, na pasi nzito iliyomwachia kovu kwenye kiganja. Alishonea shule, hoteli na walinzi. Mimi ni mlinzi wa ghala, na sijawahi kuvaa suruali ya kazi ambayo haikupita mikononi mwake. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, tuliyemwita Sindano kwa wembamba wake. Sala ya Dada ya asubuhi ilikuwa fupi: "Mungu wangu, mikono hii, na mtoto huyu." Akishasema hivyo, anakanyaga cherehani.

Kila mfuko alioushona aliufunga mdomo kwa bandi, yaani uzi wa muda wa mishono mirefu, ili usilegee wakati wa kupigwa pasi. Uzi ule hakuukata kamwe. Mteja aliukata mwenyewe siku ya kwanza ya kuvaa. "Akiukata nitajua ameanza kazi," alikuwa akituambia, na wateja wake wote walizoea.

Msomi alilijua hilo kuliko sisi wote. Alifika kwa Dada akiwa amemaliza shule na hana pa kwenda, tukampa jina hilo kwa sababu alisoma kila kipande cha gazeti tulichofungia vitambaa. Miaka minne alijifunza kazi na kula mezani pake. Kisha Dada akamsukuma arudi masomoni, na alipopata kazi ya kuandikisha wanafunzi katika chuo kipya cha afya, suti yake ya kwanza alishonewa na Dada.

Sindano alipomaliza sekondari alitaka kusomea kazi ya maabara. Tukaenda wote watatu kwenye maonyesho ya vyuo, katika ukumbi wa michezo uliojaa meza, mabango na kalamu za bure. Watu walikusanya vipeperushi mpaka mifuko ikachanika. Dada hakukusanya. Yeye alikagua nguo.

"Mwone yule," aliniambia sikioni. "Anasema anafundisha ufundi wa magari. Shati lile halijawahi kuinama."

"Labda analo jingine, Dada."

"Basi angekuja nalo hilo jingine."

Alisimama mbele ya meza ya chuo kimoja cha zamani, yenye kitambaa kilichopauka na mwalimu mzee ambaye koti lake lilikuwa na doa la zambarau kwenye mkono. Dada alilipapasa lile doa bila hata kuomba ruhusa. "Hili limefanya kazi," akasema. Mwalimu akacheka, akampa Sindano fomu. Akatuonya kwamba ofisi yao inapokea fomu kwa mkono tu, mwisho Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Tulikuwa bado tunaijaza Msomi alipotuona. "Mama! Mjomba! Sindano, umekuwa hivi?" Akatukumbatia mmoja mmoja. Akatualika kukitembelea chuo chake, siku ambayo wazazi wangeonyeshwa madarasa na maabara. Akamwagiza Dada makoti meupe thelathini, ya wanafunzi wapya, akisema hawezi kumpa kazi hiyo mtu mwingine. Halafu akaiona ile fomu.

"Hiyo nipe mimi. Jumatatu napita palepale ofisini kwao. Mtoto awe na njia mbili."

Dada alimpa ndani ya bahasha, pamoja na nakala za vyeti, kama ambavyo angempa mwanawe. Mimi nilikuwepo. Nami niliona ni sawa.

Siku ya kukitembelea kile chuo ilikuwa Jumamosi, mwisho wa mwezi. Makoti Dada aliyapeleka jana yake. Jengo lilinuka rangi mbichi. Binti mmoja wa mapokezi alituzungusha wazazi kama ishirini, akafungua mlango wa maabara, akasema, "Hawa ni wanafunzi wa mwaka wa pili. Wako kwenye mazoezi tangu saa mbili asubuhi."

Vijana thelathini walikuwa wameinamia hadubini, wamevaa makoti ya Dada. Sindano alinibana mkono kwa furaha. Dada aliingia ndani. Nilimwona akitembea polepole kati ya meza, akitazama vifua vya wale vijana. Akasimama kwa msichana mmoja aliyeshika kalamu mbili kwa mkono mmoja.

"Mwanangu, mbona kalamu huziweki mfukoni?"

"Mfuko haufunguki, mama. Yote yako hivi. Fundi wao hajui kazi."

Dada alitoa mkasi wake mdogo kwenye mkoba, akamshika begani, akakata uzi, akauvuta wote. "Fundi ni mimi," akasema. "Weka sasa. Koti hili umelivaa lini?"

Yule msichana akamtazama binti wa mapokezi, kisha akamtazama Dada. Nadhani uso wa Dada ulimshinda kudanganya. "Leo asubuhi. Mimi nauza duka la simu. Tumeitwa tu. Saa nane tunayarudisha."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu akainama kwenye hadubini, akasema kwa sauti, "Humu hamna hata kioo!" Wazazi wakaanza kupiga kelele. Dada hakuzisikiliza. Alitoka kumtafuta Msomi, tukamkuta kwenye ngazi.

"Mama, ungeniita pembeni," alisema. "Vifaa vinakuja. Lazima watu wajae kwanza."

"Miaka minne nakufundisha, umesahau hata bandi." Dada alisema hivyo kwa upole, kama anayemsahihisha mshono. "Fomu ya mtoto uliipeleka?"

Msomi akaanza kurekebisha tai yake.

"Nimekuuliza. Jana ndiyo ilikuwa mwisho."

"Niliona huku atapata haraka zaidi. Nilikuwa nawafikiria ninyi."

Fomu ilikuwa kwenye droo yake, ndani ya bahasha ileile ya Dada. Alijua tangu ile Jumatatu kwamba hataipeleka, na katika majuma yale alikuja mara mbili kuangalia makoti, akanywa chai yetu, akamuuliza Sindano anaendeleaje. Jumatatu iliyofuata nilikwenda mwenyewe kwenye kile chuo cha zamani. Karani alinisikiliza kwa huruma, akanionyesha tarehe ukutani. Mpaka mwaka ujao.

Katika mwaka huo wa kusubiri Dada alimshonea Sindano koti lake. Alilimaliza mapema, akawa analipiga pasi kila wiki bila sababu. "Nataka nimwone nalo mlangoni," alisema, "halafu Mungu afanye atakalo." Mwezi wa nane alianza kuumwa kifua. Wa kumi tukamzika. Yule aliyetunyang'anya mwaka huo akapewa kipaza sauti, maana watu hawakujua, na Dada hakuwahi kumsema.

Sindano alianza chuo Jumatatu iliyopita. Nilimsindikiza. Kwenye mlango wa maabara yule mwalimu mzee, na doa lake lilelile, akamwita, "Ingia, unangoja nini?"

"Namalizia koti, mwalimu."

Alitoa mkasi wa mama yake, akakata bandi ya mfuko, akaweka kalamu, akanikabidhi uzi. Kisha akaingia.

Uzi nimeuweka ndani ya kitabu changu cha sala, kwenye ukurasa wa kuwaombea waliotukosea. Kila siku nasoma mpaka hapo. Nikiuona, nafunga kitabu.