Kilio Nilichokikata

Cheka mbele, nitaeleza nyuma, maana aibu niliyoipata pale mtaani kwetu Kabondo ingejaza mto mzima na maji yakakosa mahali. Bon. Mume wa jirani yetu Mama Apolline alipokufa, mimi ndiye niliyepiga video ya matanga, na kwa kuwa ndugu za marehemu walikuwa Opala na boti ikawachelewesha, video hiyo ndiyo ingewaonyesha jinsi kaka yao alivyoliliwa, siku watakapokuja kuondoa kilio, yaani kufunga matanga.

Sasa mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya sinema (brevet, cheti chenyewe, ninayo, hata kuku wa nyumbani wanajua), na mwalimu alitufundisha juu ya Mfaransa mmoja, mkubwa wa filamu za majambazi, aliyejijengea studio yake mwenyewe, na watu wake wanavaa kofia, hawasemi, hawalii, wanatazama tu, ila wewe unayewaangalia unakufa kwa huzuni. Nikajiambia: hivyo hivyo! Nikakata vilio vyote, nikavifuta kabisa, nikabakiza uso wa Mama Apolline, mkavu, kimya, muda mrefu kama safari ya Yangambi kwa mtumbwi wa pirogi.

Siku ikafika. Shuka ukutani la kuonyeshea video, lupango, ua wetu wa nyumba, umejaa watu, mashemeji wameketi mbele. Uso ukatokea. Tantine Odette, dada mkubwa wa marehemu, akasimama.

"Apolline! Machozi iko wapi? Ndugu yetu amekufa, wewe unaangalia tu kama mutu anangoja bei ya mihogo?"

"Alilia, tantine! Sisi wote tulimusikia!" majirani wakasema.

"Mashine iko na sababu gani ya kudanganya?" Tantine akajibu. "Ni yeye alimukula."

Kumla mtu, kwetu, ni kumwua kwa uchawi. Mjane akishaambiwa hivyo, anaweza kufukuzwa nyumbani na watoto wake jioni ile ile. Nikapiga magoti, nikaanza kueleza habari za yule bwana wa sinema.

"Mufaransa gani?" Tantine akauliza. "Alikuja kwa matanga?"

Ndipo Mama Apolline akavua kitambaa cha kichwa, akaketi mavumbini, akamwita mumewe kwa jina, akalia upya, kwa sauti iliyowatoa watu nje kwenye avenue zote, mitaa yote ya Kisangani. Tantine Odette alisimama akimtazama, kisha akaketi karibu naye, wakalia pamoja.

"Wewe," Tantine akaniambia baadaye, bila kunitazama, "umemuzikisha bwana yake mara mbili."

Tangu siku hiyo video za msiba napiga na kelele zake zote, hata mbuzi akilia namwacha. Yule Mfaransa namheshimu bado, alikuwa fundi. Lakini majambazi wake hawakuwa na mashemeji.