Aliyeniita Jina Kisimani

Wallahi sikudanganyi, wala sikusimuliwa. Njoo Kigombe, uliza kisima cha Mama Zuhura chenye mfuniko wa zege, utaoneshwa. Mama Zuhura ndiye mimi. Mume wangu ni Baba Zuhura, na jina lake hulisikii kinywani mwangu, maana tulivyolelewa sisi, mke hamtaji mume wala mume hamtaji mke. Lishike hilo, ndilo lililoniokoa.

Kaskazi ile jua lilitukomoa. Maji ya kisima yakateremka, pampu yetu ya petroli ikawa inanguruma tu ukingoni, haivuti kitu. Mchicha umelala, matembele yamejikunja, na wanunuzi wa soko la Makorora wanataka mzigo wao. Baba Zuhura akasema, "Maji hayaji kwa pampu? Basi pampu itayafuata maji." Mjanja huyo! Akasaidiana na mdogo wake, shemeji yangu Hamadi, wakapachika mbao ndani ya kisima, wakaiteremsha mashine juu yake. Baba Zuhura akajifunga kamba kifuani, tukaipitisha kwenye kapi la ndoo, akashuka kwa ngazi kuiwasha.

Ikawaka. Mwenzangu, maji hayo! Hamadi mbio shambani kuushika mpira wa maji, mimi vigelegele. Kumbe nashangilia msiba.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Mara nikasikia, "Mwanaidi." Pampu inapiga kelele hata mwenyewe sijisikii, lakini sauti ile imenifikia kama mtu kaniinamia sikioni. "Mwanaidi, shuka unishikie."

Nikachungulia. Namwona Baba Zuhura kasimama majini, moshi umemzunguka, anacheka, kaninyooshea mkono. Nikatia mguu kwenye ngazi. Hapo ndipo akili ikanirudia. Mwanaidi? Tangu anioe, hata kabla Zuhura hajazaliwa, mume wangu hajalitamka jina langu hilo! Alikuwa akiniita "we bibi" basi. Sasa huyu anayenitaja ni nani?

Nikaurudisha mguu, nikaishika kamba. Nzito! Tena haikuelekea kwa yule aliyesimama. Ilikwenda pembeni kabisa, ikapotelea kwenye moshi.

"Hamadi! Njoo, kaka yako anakufa!"

Akaja anahema, akachungulia. "Anakufa wapi, shemeji? Si yule anatuita? Niache nikamshike mkono!" Tayari katia mguu kwenye ngazi. Nilimrukia, nikamng'ata bega, niamini, alama anayo mpaka leo. "Vuta kamba, mjinga wewe! Watoto nitawalea na nani?"

Tukavuta. Nalia na navuta. Akatokeza Baba Zuhura kutoka kwenye moshi, kichwa kimelegea, macho yamegeuka. Na chini yake, haki ya Mungu, Baba Zuhura mwingine bado kasimama, mkono kaunyoosha, anacheka. Hamadi alimwona. Muulize.

Tulimlaza penye upepo, tukampepea, tukamkimbiza zahanati. Daktari akatufokea. Moshi wa mashine ndani ya shimo ni sumu, alisema, humlegeza mtu kabla hajapiga kelele. "Mume wako alizimia mapema, hakuweza kumwita mtu."

"Basi aliyeniita ni nani?" nikamuuliza. Akajishughulisha na dawa zake.

Baba Zuhura yuko hai, alhamdulillahi, ila kichwa humuuma na mambo mengine humpotea. Kisima tumekifunika. Siku hizi tunatumia ile pampu ya kuzama majini, ya umeme wa jua, haina moshi. Lakini juzi tumekaa tunakula mchana, ikasikika upande wa kisima, taratibu, "Mwanaidi." Mume wangu ana tonge mdomoni. Tukatazamana. Hakuitika mtu.

Kwa hiyo wewe mwenye bustani unayenisikiliza, usinicheke. Pampu ya petroli kaa nayo juu, penye upepo, hata kama mchicha wote utakauka. Shimoni usiishushe. Na mwenzako akikwama chini usimfuate, piga kelele watu waje, uvute. Ukimwona kasimama anakuchekea, anakuita kwa jina lako zuri, usimtazame uso. Tazama kamba imeelekea wapi.