R ya Kooni

Hadi natimiza miaka tisa sikuweza kutamka r. Nilisema "lafiki", nilisema "halusi", na kwetu Mishomoroni hilo si jambo dogo, maana sisi watu wa pwani tunaamini Kiswahili ni chetu na wengine wamekiazima tu. Watoto wenzangu walinibandika jina, eti mimi mtu wa bara. "We mbara, hebu sema barabara!" Nami nasema, wao chini kwa kicheko. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia nyuma ya choo.

Dada yangu, anayenizidi miaka minane, ndiye aliyenitoa aibu. Alikuwa akipinda leso za watu barazani. Leso huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, ni lazima uzikate katikati na kuzipinda, na wanawake wa mtaani walimletea yeye kwa sababu mshono wake haukwenda kombo. Aliniketisha kando ya cherehani akaikanyaga.

"Sikiliza. Trrrr. Ulimi juu, nyuma ya meno, kisha uachie pumzi. Usiubane hivyo, ulimi si mwizi!"

Tulijaribu miezi miwili. Siku ilipotoka aliacha leso ya mtu chini ya sindano, akanibeba mgongoni mpaka jikoni kwa mama, nami njia nzima narrrrindima kama kinu cha kusaga.

Tangu hapo r nikaipenda kama mtu anavyopenda timu. Shule niliishia kidato cha pili, lakini simu yangu imenitembeza. Nimesikia kwamba Wahispania wana r mbili, ya kugusa mara moja na ya kutetemesha, na ukizichanganya umetaja kitu kingine kabisa. R ya Wajapani iko katikati ya r na l; nilipoisikia nilicheka peke yangu, nikasema kumbe ningezaliwa kule wala nisingeitwa mbara. Nilijiona nikizunguka dunia na begi dogo, sinunui kitu, nasikiliza watu tu.

Aliyepata safari ni dada. Alipata nafasi Ujerumani, kuuguza wazee, na likabaki sharti moja: mtihani wa kuzungumza. Kila asubuhi alivuka daraja kwenda darasani mjini. Baada ya alasiri nilimshikia kitabu. Maneno yalimwingia haraka, mimi nikashangaa kichwa chake kina nafasi kiasi gani. Kilichomshinda ni r. Ya Wajerumani haitoki ulimini, hutoka kooni. Mvua wao huiita Regen, na dada kila akiifikia herufi hiyo husimama, hujikohoza, na sentensi nzima humkatikia mkononi.

Siku ya tatu ya kumshikia kitabu, akinichezea sauti ya mwalimu wake kwenye simu, nikajua. Ile si r. Ile ni ghaini, herufi ya Kiarabu tuliyoimbishwa chuoni tukiwa wadogo, ile tunayoitia kwenye ghali na ghafla na lugha. Wengi wa bara husema "gali". Kwetu hata mtoto wa miaka minne hasemi hivyo. Dada alikuwa nayo kooni maisha yake yote.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaitazama miguu yake juu ya mkeka, nikaufunga.

Siku nane nilinyamaza. Nilishika kitabu vizuri, nikasema, "Jaribu tena, dada," na yeye akajaribu tena.

Siku ya nane ya ukimya wangu walipewa mtihani wa majaribio. Alirudi akaketi barazani bila kuvua buibui.

"Nimekwama neno la kwanza," akasema. "Mwalimu yuwataka niahirishe. Labda si riziki yangu."

Mama akapaza sauti kutoka ndani, "Riziki haizuiwi na herufi, mwanangu!"

Dada akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, umekula?"

Hapo nikashindwa.

"Dada, sema ghali."

"Ghali nini?"

"Sema tu."

"Ghali."

"Sasa mwanzo uleule, sema ghegen."

"Ghegen," akasema. Akanitazama. Akasema tena, polepole, halafu mbiombio, halafu akakiparamia kitabu akaanza kusoma ukurasa mzima, kila r inatoka kama ya mwalimu. "Wallahi! Kumbe ni ghaini! Mama, ndoo hapa usikie! We, umejua lini?"

"Sasa hivi," nikasema.

Akanikumbatia, buibui lake lina joto la jua la mjini, na mimi nilikuwa nalia akadhani ni furaha.

Alipita mtihani. Mwaka wa pili huu hayupo. Leso za mtaa sasa napinda mimi, na mshono wangu unakwenda kombo kidogo, lakini wateja ni waungwana. Kila Ijumaa hututumia sauti, na mimi na mama tunainamia simu moja. Ijumaa iliyopita alisema inshallah atakuja Ramadhani, na ile r ya mwanzo ikamtoka kooni.

Mama akashtuka. "Yuwasemaje huyu? Mwambie aiseme kama watu."

Nilibonyeza nimjibu. Sikujua nitasema nini mpaka niliposikia nasema, "Dada, ile siku nilikudanganya. Nilijua tangu siku ya tatu. Nilikaa kimya ili usiende."

Mama alichukua ufagio akafagia pale palipokwisha kufagiwa.

Jibu lilikuja kesho yake, asubuhi. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtu mzee anakohoa, na maji yanamiminwa. Alicheka kwanza, kicheko chake kilekile kinachoanzia puani.

"Wewe nawe," akasema, "ungenyamaza wiki moja tu zaidi, mtihani ungenipita."

Mzee alikuwa akimwita.

"Mbona hukunyamaza?"