Chai ya Moto kwa Mdomo Wenye Ganzi

Nakumbuka siku mama yangu alipoungua mdomo na asihisi kitu. Chebet mwanangu, nakuita hivyo ingawa umri wangu haujafika wa kutoa nasaha. Wewe ni mtoto wa kaka yangu Kiprono, na kwetu Wakipsigis mtoto wa kaka ni wako. Leo umetoka kuzibwa jino. Basi keti, chai iache ipoe.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekuja likizo hapa Kimulot. Mama alikuwa na tundu kwenye gego. Huku ukisema unaenda kwa daktari wa meno, watu husikia unaenda kung'oa. Kuziba walikujua kwa paa na ndoo. Nilimshawishi, tukaenda Sotik. Daktari alivumilia maswali yangu yote, akamchoma mama sindano ya ganzi, akakwangua palipooza, akaziba. Kisha akamwambia, "Usile wala kunywa kitu cha moto mpaka ganzi iishe. Na ukifunga mdomo ukaona jino hili linatangulia kugonga kabla ya mengine, rudi nilipunguze. Ni kazi ndogo."

Tulipofika nyumbani, Kogo, bibi yangu mzaa baba, alikuwa tayari na chai. Unajua desturi yetu: anayetoka hospitali hupokewa kwa chai ya maziwa inayotoka motoni, na kuikataa ni kumkataa aliyeipika.

"Kunywa, Mama Kiprono. Dawa ya moto ni moto."

"Kogo, mdomo wake umekufa ganzi. Ataungua."

"Nyamaza wewe! Chuo kimekufundisha kumnyima mama yako chai?" Akacheka, pengo lake la meno mawili ya chini likaonekana. "Haya yangu waliyang'oa kwa mila nikiwa msichana, bila sindano, na sikulia. Huyu ameguswa moja tu, tayari ana askari wa kumlinda!"

Nyumba nzima ikacheka. Mama alinitazama, akamtazama mama mkwe wake, akainua kikombe. Alikunywa chote, akasema ni tamu.

Ganzi ilipoondoka, shavu lilikuwa limebabuka ndani, na ulimi pia. Na nani alilaumiwa? Si chai. "Wamekuwekea sumu kwenye jino," Kogo akasema, na majirani wakaitikia. Kwa sababu ya vidonda, mama akaacha kupiga mswaki upande ule. Vilipopona, kweli jino lilikuwa linatangulia kugonga, na kila akitafuna linauma. Nikamsihi turudi Sotik.

"Bibi yako atasema nini?" akaniuliza.

Mimi ninayeuliza kila kitu nikaacha kumsihi, nikafunga mizigo. Niliporudi chuoni, walimpeleka kwa bwana mmoja wa sokoni mwenye koleo. Gego likatoka vipande, mzizi ukabaki ndani, taya likavimba hadi jicho likafunga. Alipona, lakini si kama zamani. Siku hizi mahindi ya kuchemsha huwagawia watoto, husema hayapendi. Nani asiyejua alivyokuwa akiyapenda?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama yangu alisikia la mkuu. Mbona wa namna yake hawakumtungia methali?

Kwa hiyo nisikilize, ingawa mimi si mkuu. Mpaka midomo yako iamke kabisa, usitafune, usije ukajing'ata shavu bila kujua, na kitu cha moto kisikukaribie. Jino likishtuka kidogo kwa baridi siku za kwanza, usiogope, hutulia. Likitangulia kugonga, au maumivu yakizidi, rudi kwa aliyeliziba, wala usingoje ruhusa ya mtu. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, hata hapo palipozibwa. Pitisha uzi katikati ya meno, kwa sababu jino lililozibwa huweza kuoza tena pembeni ya kiraka. Na hii chai yetu ya sukari tunayoinywa kutwa, ipunguze. Najua namwambia nani: sote hapa tumesomeshwa na majani chai tunayolima.

Heshima ni kitu kizuri, mwanangu, lakini wanaoidai hawatakutafunia chakula. Mungu akupe meno ya kukufikisha uzeeni, na akupe ulimi wa kusema "hapana, asante" mbele ya watu unaowapenda.